Alan Blumlein: Mvumbuzi wa stirio aliyefichwa na vita

UKIINGIA leo katika duka lolote la vifaa vya umeme, iwe Bujumbura, Kigoma au Kigali, utakuta maboksi ya sabufa yamepangwa mpaka darini, kila moja na spika zake ndogo tano. Muuzaji atakutajia bei, atakutajia nguvu ya kifaa, na pengine atakufungulia muziki mpaka vioo vya kabati vitetemeke. Jambo moja hatakueleza, maana naye hakuelezwa: kwa nini spika ziwe zaidi ya moja, na kwa nini kila moja iwekwe mahali pake.

Jibu la swali hilo lina mwenyewe. Ni Mwingereza aitwaye Alan Dower Blumlein, aliyefariki tarehe 7 Juni 1942, akiwa na umri wa miaka 38. Aliacha hataza 128, yaani hati za kulinda uvumbuzi, na bado kwa miaka mingi jina lake halikujulikana hata nchini kwake. Kifo chake kilifanywa siri ya serikali.

Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Rumonge. Nilizaliwa na kusomeshwa katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo, Tanzania, nikarudi Burundi mwaka 2009. Kule Mishamo redio zilikuwa chache, betri zikichoka tulizianika juani ili zipate uhai kidogo, na kila redio ilikuwa na spika moja tu. Sauti zote, za mtangazaji, za ngoma, za gitaa, zilitoka katika kitundu kimoja. Sikuwahi kufikiri kwamba kulikuwa na kasoro yoyote. Blumlein ndiye aliyeiona kasoro hiyo kabla ya wengine.

Alizaliwa Hampstead, jijini London, tarehe 29 Juni 1903. Ukoo wake ulikuwa wa watu waliohamahama. Baba yake, Semmy Blumlein, alikuwa Myahudi mzaliwa wa Ujerumani aliyechukua uraia wa Uingereza, na kazi yake ilikuwa ya biashara ya madini kusini mwa Afrika. Mama yake, Jessie Dower, alikuwa binti wa mmisionari Mskoti, William Dower, aliyehudumu Kokstad, Afrika Kusini, miongoni mwa Wagriqua. Kwa hiyo wazazi wa mtu huyu, ambaye Waingereza leo wanajivunia, walikutana kwa sababu ya bara letu.

Utotoni alikuwa na mambo mawili yasiyopatana. La kwanza ni kwamba alipenda umeme kupita kiasi. Inasimuliwa kuwa alipokuwa na miaka saba aliitengeneza kengele ya mlango wa nyumba yao, kisha akamwandalia baba yake ankara ya malipo, na chini yake akajitambulisha kuwa fundi umeme. La pili ni kwamba kusoma kulimshinda. Yeye mwenyewe alikuwa akisema, alipokwisha kuwa mkubwa, kwamba alifika miaka 12 bila ya kujua kusoma, ingawa hesabu za milinganyo alizijua. Mtu atauliza: asiyejua kusoma aliandikaje ankara? Nami nimejiuliza. Nadhani alijua kidogo, ila alikuwa kama watoto wengi ninaowafundisha, ambao maandishi huwachosha mpaka siku wapate kitu wanachotaka kukijua kweli.

Nitasimama hapa kidogo kwa sababu jambo hili linanigusa. Tuliporudi kutoka Tanzania, watoto wetu walijua Kiswahili na Kiingereza kidogo, na shule zilitumia Kifaransa. Mtoto mmoja wa jirani yangu, hodari wa hesabu, alirudishwa nyuma madarasa mawili katika shule ambayo sitaitaja, na kuandikwa kuwa ni mzito wa akili. Alikuwa anatatua milinganyo aliyopewa kaka yake. Baba yake Blumlein alifariki mwaka 1914, kijana akiwa na miaka 11. Yatima huyo wa baba, msomaji mbaya, angeweza kuandikwa hivyo hivyo. Bahati yake ni kwamba walikuwepo walimu waliotazama alichokiweza. Akapita Highgate School, kisha akapata nafasi ya masomo City and Guilds College, na mwaka 1923 akahitimu shahada ya uhandisi wa umeme kwa daraja la kwanza.

Mwaka 1924 aliajiriwa na kampuni ya simu. Moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kupima sikio la binadamu: linasikia sauti nyembamba kwa kiasi gani, na nene kwa kiasi gani. Baadaye alishughulikia nyaya za simu za masafa marefu, hasa lile tatizo la maneno ya watu wawili kuvuja na kuingia katika simu ya watu wengine. Msomaji ayakumbuke mambo haya mawili, sikio na uvujaji, maana yote yatarudi.

Mwaka 1929 alihamia kampuni ya santuri ya Columbia, chini ya meneja aliyeitwa Isaac Shoenberg, mzaliwa wa Urusi. Shida ya Columbia ilikuwa ya fedha. Mashine ya kuchonga santuri ilikuwa mali ya Wamarekani, na kwa kila santuri iliyochongwa kampuni ililipa ushuru wa uvumbuzi. Blumlein, akisaidiwa na mwenzake Herbert Holman, akaunda kichwa kipya cha kuchongea, kinachofanya kazi kwa kanuni tofauti kabisa, na kikawa bora kuliko kile cha awali. Ushuru ukakoma. Mwaka 1931 Columbia iliungana na kampuni ya Gramophone, ikazaliwa EMI, na maabara yao yakawa Hayes, magharibi ya London.

Mwaka huo huo ndipo linapotokea tukio ambalo kila anayemwandika Blumlein hulitaja. Alikwenda sinema na binti aliyekuwa mchumba wake, Doreen Lane, mwalimu wa shule ya watoto. Filamu za sauti zilikuwa bado ngeni. Blumlein akakereka kwamba mwigizaji anatembea upande mmoja wa pazia na sauti yake inatoka mahali pale pale, haihami. Akamwambia Doreen kuwa anayo njia ya kuifanya sauti imfuate mtu. Tarehe 14 Desemba 1931 aliwasilisha maombi ya hataza, yakakubaliwa Juni 1933 na kupewa namba 394,325. Mlikuwa na madai 70 tofauti ndani yake. Kwa hakika karibu kila kitu tunachokiita stirio leo kimo katika hati ile moja.

Tueleze fikra yenyewe, kwa kuwa ndiyo itakayomsaidia mwenye sabufa nyumbani. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Kati ya sikio moja na jingine kuna kama sentimeta 18 hivi. Mtu akikuita kutoka kushoto, sauti yake hulifikia sikio la kushoto kwanza, na la kulia baada ya muda usiotimia hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Tena sauti nyembamba hulifikia sikio la kulia zikiwa zimepungua nguvu, maana kichwa kimezizuia. Ubongo hulinganisha tofauti hizi mbili, ya muda na ya nguvu, ukajua mwitaji yuko wapi. Haukokotoi kwa makusudi, ndivyo ulivyoumbwa.

Waliojaribu kabla yake walikuwa wakitumia visikilizio vya masikioni, kila sikio na chake. Ugumu unakuja ukitumia spika mbili chumbani. Sikio la kushoto linasikia spika ya kulia pia, na la kulia linasikia ya kushoto. Ni uvujaji ule ule wa nyaya za simu! Wengine waliuona kuwa ni kikwazo. Blumlein aliutazama kwa hesabu akaona kuwa unaweza kutumika: spika mbili zikitoa sauti moja kwa wakati mmoja, ila moja ikiwa na nguvu zaidi, ule mchanganyiko unaofika masikioni hujigeuza wenyewe kuwa tofauti ya muda, hasa kwa sauti nene. Msikilizaji ataisikia sauti ikitoka mahali palipo patupu, katikati ya spika, pasipo na kifaa chochote.

Akapendekeza vipaza sauti viwili viwekwe mahali pamoja, kila kimoja kinachosikia mbele na nyuma bila kusikia ubavuni, na vipishane kwa pembe mraba. Mafundi wa studio mpaka leo huita mpango huo kwa jina lake. Upande wa santuri, akaonyesha jinsi mfereji mmoja unavyoweza kubeba njia mbili za sauti: ukuta mmoja wa mfereji ubebe ya kushoto, wa pili ubebe ya kulia, kila ukuta ukiwa umeinama nyuzi 45. Sindano moja inazisoma zote mbili.

Majaribio yalianza. Wahandisi walitembea ukumbini Hayes huku wakizungumza, ili wasikie kama sauti zinahama. Januari 1934 alipeleka mitambo studio za Abbey Road, akarekodi okestra ya London Philharmonic ikiongozwa na Thomas Beecham katika mazoezi ya simfoni ya Mozart iitwayo Jupiter. Mwaka 1935 wakatengeneza filamu fupi za majaribio, mojawapo ikionyesha treni za mvuke zikipita katika stesheni ya Hayes.

Halafu kampuni ikaweka kila kitu kabatini. Santuri za njia mbili zingemlazimu mteja kununua mashine mpya, na dunia ilikuwa katikati ya mdororo wa uchumi. Isitoshe, EMI ilikuwa na mbio nyingine kubwa zaidi, za televisheni. Blumlein akahamishiwa huko, na huko nako akafanya mengi: namna ya kuutengeneza mstari wa picha bila kupoteza nguvu, namna ya kuiweka rangi nyeusi ya picha isiyumbe, na saketi za kuondoa kelele katika nyaya ndefu. Televisheni ya mistari 405 iliyoanza kurushwa na BBC kutoka Alexandra Palace tarehe 2 Novemba 1936 ilikuwa kazi ya kundi hilo la Shoenberg. Mpinzani wao, John Logie Baird, ambaye jina lake linajulikana zaidi, mfumo wake uliachwa mwanzoni mwa 1937. Mistari 405 iliendelea kutumika Uingereza mpaka 1985. Mei 1937, matangazo ya kutawazwa kwa Mfalme George VI yalipita katika waya alioufanyia kazi Blumlein.

Vita vilipoanza 1939, alipelekwa kwenye rada. Kazi yake ya mwisho ilikuwa mtambo ulioitwa H2S, uliofungwa tumboni mwa ndege ili waliomo waione ardhi iliyo chini yao usiku na kupitia mawingu. Tarehe 7 Juni 1942 aliruka na ndege aina ya Halifax kutoka uwanja wa Defford kwenda kuujaribu. Pamoja naye walikuwemo wahandisi wenzake wa EMI, Cecil Browne na Frank Blythen. Injini moja ya upande wa kulia ilishika moto. Ndege ikaanguka karibu na Welsh Bicknor, kando ya Mto Wye, na watu wote 11 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kuwa nati moja ndogo ya injini haikukazwa sawasawa wakati wa matengenezo. Nimewafundisha wanafunzi wa ufundi kwa miaka kadhaa, na hakuna sehemu ya historia hii inayowanyamazisha kama hiyo nati.

Serikali haikutangaza lolote. Adui hakutakiwa kujua kwamba mtambo upo, wala kwamba waliouelewa zaidi wamekufa. Doreen alibaki mjane na watoto wawili wa kiume, bila gazeti kuandika habari za mumewe.

Sitaficha kuwa sehemu hii huniwia nzito. H2S ilitumika vitani kwa mara ya kwanza usiku wa kuamkia tarehe 31 Januari 1943, dhidi ya mji wa Hamburg, katika nchi aliyozaliwa baba yake Blumlein. Julai mwaka huo mabomu yaliuunguza mji huo na kuua makumi ya maelfu ya raia. Kwa upande mwingine, utawala uliokuwa Ujerumani wakati ule ulikuwa ukiwaangamiza Wayahudi, watu wa ukoo wa Semmy. Waliosoma historia yake wengi humaliza kwa kumwita shujaa. Mimi niliyekulia ukimbizini, nikiwasikia wazee wakihesabu waliobaki nyumbani mwaka 1972, naweza kusema tu kwamba mtu yule yule aliyetaka sauti imfuate mwigizaji ndiye aliyesaidia bomu kuuona mji gizani, na akili iliyotumika ilikuwa moja.

Hataza ya stirio iliongezewa muda, ikafa mwaka 1952. Biashara ya santuri za stirio ilianza kwa kishindo 1958, kwa mfereji ule ule wa nyuzi 45. Familia yake haikupata senti kutokana na hayo.

Sasa turudi sebuleni kwako, tuone kazi yake inavyoendelea. Ikiwa husikiliza zaidi muziki na redio, spika mbili nzuri zitakufaa kuliko tano dhaifu. Ziweke ili wewe na hizo mbili mfanye pembetatu yenye pande sawa: kama ziko mita mbili kutoka moja hadi nyingine, nawe kaa mita mbili kutoka kwa kila moja. Ziwe usawa wa masikio, siyo juu ya kabati karibu na dari kama tulivyozoea. Mtangazaji akisema, asikike katikati, mahali pasipo na spika. Asiposikika hapo, na sauti ikawa imetapanyika, nene zake zikipotea, basi tazama waya. Bila shaka nyekundu na nyeusi zimepishana kwenye spika moja, na spika moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta. Nimerekebisha kosa hilo katika nyumba nyingi za marafiki, na kila mara mwenye nyumba alikuwa akifikiri kifaa ni kibovu.

Ikiwa unapenda filamu, ndipo zile tano zinapokuwa na maana. Ya katikati iwe chini au juu ya televisheni, kwa ajili ya maneno. Za mbele, kushoto na kulia, ziwe nyuzi 30 kila upande ukipimia mahali unapokaa. Zile mbili za nyuma zisiwe kisogoni kabisa. Ziwe ubavuni na nyuma kidogo, kama nyuzi 110. Sabufa yenyewe iweke unapopata nafasi, kwa kuwa sikio halitambui vizuri sauti nene sana inatoka wapi, ila ukiisukuma kwenye kona itavuma kupita kiasi. Kifaa kikikuuliza umbali wa kila spika, usiruke ukurasa huo. Pima kwa futi kamba, ukiingize. Kila sentimeta 34 ni kama sehemu moja ya elfu ya sekunde, na ubongo, kama tulivyoona, hutambua hata pungufu ya hapo. Kisha lipo suala la chumba: sakafu ya saruji tupu na kuta zisizo na kitu hurudisha mwangwi, basi tandika mkeka au tundika pazia zito. Mvua ikipiga bati, hapo hakuna mpango wowote utakaokusaidia.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba spika za nyuma nazo zilianza kwa hesabu ya Blumlein. Alifanya kazi kwa jumla ya njia mbili na tofauti ya njia mbili: jumla ni kilicho katikati, tofauti ni kilicho pembeni. Redio za FM za stirio hurusha hivyo mpaka leo, ndiyo maana hata redio ya spika moja inapata matangazo kamili. Na vifaa vya kwanza vya Dolby Surround vya nyumbani, mwaka 1982, vilipata sauti ya nyuma kwa kutoa njia moja katika nyingine.

Heshima ilikuja polepole. Mwaka 1977 kibao cha buluu kiliwekwa kwenye nyumba aliyoishi, Ealing, London. Mwaka 2015 taasisi ya wahandisi ya IEEE iliweka alama ya kumbukumbu Abbey Road. Mwaka 2017 alipewa tuzo ya Grammy ya ufundi, miaka 75 baada ya kufa.

Ile filamu ya treni za Hayes ipo mpaka leo, na inapatikana kwenye intaneti. Ina muda wa dakika tano hivi, haina hadithi wala mwigizaji. Naipenda kuitumia ninapomaliza kumpangia mtu spika zake, badala ya muziki. Tunazima taa, tunakaa pale kwenye ncha ya pembetatu, na treni ya mwaka 1935 inapita sebuleni, ikitokea upande mmoja na kwenda zake upande wa pili.